Kofia ya Shemeji katika Ziwa la Enid

Shemeji yangu alikulia Mwanza, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba hakuna ziwa duniani lenye jambo la kumfundisha. Kiangazi kilichopita alinichukua kutoka Memphis hadi Ziwa la Enid, katika jimbo la Mississippi, ambako mwaka 1957 alivuliwa samaki aina ya krapi mweupe wa pauni 5 na aunsi 3 aliyeweka rekodi ya dunia, na njia nzima alimzungumzia samaki huyo kama mtu anayekwenda posta kuchukua mzigo wake.

Wakati wa joto krapi hupenda kukaa katika maji ya kina, hivyo wavuvi huwafuata kwa kurambaza: mashua hutembea polepole, kilometa tatu hivi kwa saa, ikikokota visamaki vya plastiki vyenye ulimi mbele unaovifanya vizame na kutikisika. Mishipi ya Shemeji ilikuwa na waya wa risasi, yale madini mazito, ndani yake, nayo hubadilika rangi kila baada ya yadi 10 ili mvuvi ajue ameachia kiasi gani. Fito ndefu alizielekeza pembeni na fupi nyuma, zote laini, kwa kuwa kinywa cha krapi huchanika upesi. Zilikuwa fito 8, na kila kisamaki kilibeba ndoano mbili zenye ncha tatu tatu. Nilipiga hesabu, nikapata ncha 48, nikavaa viatu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka upepo ulipoichukua kofia yake ya Yanga. Mimi ni mtu wa Simba na ningeiacha iende zake, lakini Shemeji alikata kona ghafla kuifuata. Sasa, mashua inayorambaza hugeuzwa kwa mzunguko mpana, kwa sababu mishipi ya upande wa ndani hupungua mwendo na risasi huivuta chini, huku ile ya nje ikiongeza kasi na kuja kuipanda. Ziwa hilo lina visiki. Fito zote zikapinda kwa pamoja.

“Kundi zima, Shemeji!” akapaza sauti. “Vuta!”

Nilishika ufito wa kushoto, yeye akashika wa kulia. Kila nilipovuta, alilalamika kwamba samaki wake anakimbia. Kila alipovuta yeye, wangu alipata nguvu mpya na kunipeleka hadi ukingoni mwa mashua. Tulipambana hivyo kwa muda mrefu, tukipeana moyo na kumshukuru Mungu, hata mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani akazima mashine yake na kutuuliza kwa adabu kama tuna kisu.

Hatimaye tulipandisha fundo kubwa la mishipi, kofia ikiwa imenasa kwa ndoano mbili, na katikati yake krapi mmoja asiyefika urefu wa kiganja. Ukazuka ubishi kuhusu mwenye samaki. Tuliufuata mshipi uliotoka kinywani mwake, zamu kwa zamu, chini ya kofia na juu ya fundo, hadi ukatufikisha kwenye ufito wa nyuma uliokuwa bado umekaa kwenye kishikio chake, ambao hakuna mtu aliyeugusa tangu asubuhi.

Shemeji aliutazama, akanikumbusha kwamba ufito ule aliununua yeye.