Kabla ya kushika brashi, kaa kwanza kwenye dawati

Yaani kila nikiona vijana wamejikusanya wanaenda kujitolea shule ya msingi kijijini nafurahi kutoka moyoni, ila nikiona walichobeba ni makopo ya rangi tu naishiwa nguvu. Ukuta wa nje ukipakwa unapendeza, sawa, lakini mtoto anashinda ndani, na huko ndani kuna vumbi, dawati moja wamebanana wanne na ubao hausomeki.

Mimi nilikuja kuelewa siku nilipoomba kukaa nyuma kabisa ya darasa, vipindi viwili tu. Ubao ulikuwa mweusi tii, unang'aa, kumbe kuna mtu aliupaka rangi ya mafuta ile ya milangoni, sasa jua likiingia dirishani ubao wote unawaka kama kioo na chaki nayo inateleza haishiki. Pembeni yangu kulikuwa na mtoto wa kike, anainuka, anachungulia, anakaa, anaandika maneno mawili, anainuka tena. Mwalimu akamwambia tulia. Atatuliaje na haoni? Tuliupiga msasa tukapaka rangi ya ubao isiyong'aa, na ukishakauka unalaza chaki ubavu unasugua ubao mzima kisha unafuta, ndo unaanza kuandikia, la sivyo maandishi ya mwanzo yanaacha alama. Kazi ndogo hiyo, lakini darasa zima likaanza kuona.

Kwenye sakafu tuliharibu. Mwalimu mkuu alituambia kabisa jamani subirini likizo, sisi tukawa na haraka na ratiba yetu, tukamwaga sementi Jumamosi, Jumapili tukaondoka, Jumatatu madawati yakaburutwa juu yake. Sakafu ya sementi inataka kumwagiliwa maji angalau siku 7, na zege mafundi wanalihesabia mpaka siku 28 ndo liwe na nguvu yake. Mwezi haujaisha mashimo yakatokea na vumbi likarudi pale pale, watoto wanakohoa kama zamani. Linaniuma mpaka leo, manake pesa za watu zilichangwa kwa ajili ya ile sakafu na mtu anayeijua shule yake alishatuonya.

Kwa hiyo naomba sana, muulizeni mwalimu kwanza, na mkimuuliza msikilize jibu hata kama sio lile mlilokuja nalo. Waulizeni na watoto, hasa wasichana, na kina dada kwenye kundi lenu ndo wawaulize. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tundu 1 la choo kwa wasichana 25, na kwa wavulana 1 kwa 50 pamoja na sehemu ya kukojolea, nendeni na hesabu hiyo mkahesabu wenyewe. Halafu angalieni mlango. Choo kipo, mlango upo, komeo hakuna, basi msichana aliye kwenye siku zake anaona bora abaki nyumbani. Komeo na skrubu nne!

Kuhusu kufundisha, kama hujasomea ualimu usilichukue darasa la mtu wiki mbili ukaondoka katikati ya mada. Kaa na wale watano sita wanaosuasua kusoma, mmoja mmoja akusomee kwa sauti, mwalimu mwenye darasa limejaa hapati nafasi hiyo.

Na mkirudi, manake mnatakiwa kurudi, mje na spana. Dawati la chuma nati ikilegea linayumba, likiyumba linatolewa nje, na shule nyingi nilizopita nyuma ya madarasa kuna rundo la madawati yananyeshewa na mvua wakati watoto wamekaa chini. Sisi mara ya pili tulienda na mafundi wawili wa kijijini hapo hapo, wanafunzi wa darasa la sita wanatushikia mbao, na hadi jua linazama tulikuwa tumerudisha ndani madawati ishirini na kitu.