Watoto kulipishwa uwanja wa manispaa kwa saa? Hapana jamani

Juzi kocha anayefundisha madogo wa mtaani kwetu kazuiwa getini mpaka alete risiti. Uwanja ni wa manispaa, zamani ulikuwa mchanga tu, ukawekwa kapeti na taa na uzio, tukashangilia wote, sasa kuna mlinzi na kontrol namba ya kulipia. Elfu 30 kwa saa. Na huyo kocha hakuna anayemlipa, akitoka kazini anapanda daladala na mipira yake kwenye mfuko wa salfeti anakuja kufundisha watoto wa watu.

Haya tupige hesabu. Mazoezi mara 3 kwa wiki, saa moja moja, ni elfu 90, kwa mwezi laki 3 na elfu 60. Watoto wapo 24, kila mmoja elfu 15. Kuna mtu atasema elfu 15 ni hela gani, ila mama anayeuza vitumbua asubuhi ana wanne nyumbani, na kabla ya mpira kuna daftari, kuna hela ya mtihani, kuna unga. Na akijibana akapata ya mtoto mmoja, atampeleka nani? Wa kiume. Hilo ndo linaniuma kuliko yote. Tulishaanza kupata wasichana kama sita hivi wanakuja na kanga kiunoni juu ya bukta, wanazivua pembeni wanaingia kucheza, wazazi walikuwa wanawaacha tu kwa sababu haikuwa na gharama, hakuna aliyelazimika kukaa chini na kuamua kama mpira wa msichana una faida. Ukiweka bei umemlazimisha mzazi aamue, na sote tunajua jibu litakuwa nini kwenye nyumba nyingi.

Tumejibiwa eti asiye na uwezo alete barua ya serikali ya mtaa atasamehewa. Mtoto wa miaka 11 apite mbele ya wenzake na barua inayosema kwao hawana? Hatakuja. Atasema mguu unauma, atasema mpira haupendi tena, na hakuna mtu atakayeandika popote kwamba tumempoteza, kwenye taarifa itaonekana tu makusanyo yameongezeka.

Najua kapeti linachakaa, umeme haulipwi kwa maneno, na mlinzi anataka mshahara. Sawa, kwa hilo sibishi. Basi walipe watu wazima wanaokuja usiku baada ya ofisi, na kampuni zinazofanya mabonanza wikiendi, hata wakipandishiwa wanazo. Saa kumi jioni taa hata hazijawashwa, mtoto analipia umeme gani?

Tena halmashauri zetu kisheria zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mpango ukasimamishwa 2023 ukarudi 2024. Mpango mzuri, siupingi. Lakini kijana wa kukopeshwa anaanzia miaka 18. Huyu wa miaka 12 hana fungu humo, na yeye hataki mkopo, anataka pa kukimbia kati ya kutoka shule na magharibi, muda ambao mama yuko kwenye biashara na nyumbani hakuna mtu.

Tunajivunia Samatta, kijana wa Mbagala aliyeifunga Manchester City pale Wembley Machi 1, 2020, fainali ya Carabao, kombe la ligi la Uingereza. Ni haki yetu kujivunia. Arusha unajengwa uwanja mpya kabisa kwa ajili ya AFCON 2027, nao nafurahi. Ila wengi wa hawa madogo hawatacheza hata ligi ya wilaya, na bado nataka wacheze, kwa sababu ni watoto na uwanja ni wa umma, ardhi ni ya umma.

Madiwani wetu, mkikaa kwenye bajeti wekeni kifungu cha matunzo ya uwanja. Saa kumi mpaka kumi na mbili na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa, geti liwe wazi kwa kila mtoto bila risiti wala barua, na siku mbili kati ya hizo wapewe wasichana peke yao, wapangiwe na mwalimu wa kike.