Nyumba Inanuka Choma, Nyama Hatujala

Kondakta ndiye aliyenizibua pua. Nimekaa zangu kwenye matatu saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, najiona mtu wa maana. Akainama kuchukua nauli, akavuta pumzi mara mbili, kisha akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa ndani ya gari la abiria. "Mzee," akasema, "choma asubuhi yote hii? Wewe ndiye unaishi, sisi tunasukuma siku." Gari zima likacheka. Mama niliyekaa naye akafungua dirisha.

Wewe unayepanda matatu Nairobi unajua uzito wa hilo. Dirisha la matatu asubuhi halifunguliwi. Watu watapumuliana shingoni kutoka Lang'ata hadi mjini, vioo vitatoka jasho, mtoto atatapika, na dirisha litabaki limefungwa kwa sababu kuna mtu huko nyuma ana baridi. Siku hiyo yalifunguliwa manne. Hata yule wa baridi alifungua lake.

Na nyama mimi sijaonja tangu Krismasi.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyuma ya ploti yetu kuna kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hajawahi kuonekana na macho ya binadamu. Kina nyasi za kufika kiunoni, mikaratusi kadhaa, takataka za mtaa mzima, na bango kubwa lililoandikwa kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Ilikuwa Februari, mvua ya masika bado iko mbali, nyasi zimekauka hadi ukikanyaga zinalia. Moto ukaanza Jumamosi mchana. Nani aliuwasha? Kila mtu mtaani anamjua, ila kila mtu anamjua mtu tofauti. Ulikula nyasi, ukala mikaratusi, ukala godoro bovu la mtu na matairi mawili, ukafika kwenye bango, nadhani ukalisoma, ukapita kando. Bango liko pale hadi leo. Kiwanja hakiuzwi.

Moto wenyewe ulikwisha jioni. Moshi ndio uliobaki siku mbili, unatoka kwenye mizizi na takataka polepole, kama mgeni anayeaga huku amekaa.

Nina mpwa wangu anaishi Sacramento, California, na kule moto wa msituni una msimu wake kama sisi tulivyo na msimu wa maembe. Septemba 2020 alinitumia picha ya San Francisco, mchana kweupe mbingu imekuwa rangi ya chungwa na magari yamewasha taa. Mimi nikamjibu kwamba hata Kajiado kuna vumbi. Sasa nikampigia simu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mjomba, kwanza funga madirisha. Halafu washa kiyoyozi, kiweke kizungushe hewa ya ndani tu, kisivute ya nje."

Nikamwambia kiyoyozi mara ya mwisho nilikiona benki, na hata huko sikukaa sana. Akasema basi madirisha peke yake yatasaidia. Nikayafunga. Nikamwonyesha kwenye video ili anisifu.

"Mjomba, hayo matundu juu ya dirisha ni ya nini?"

Hapo nikakosa jibu. Nyumba za kupanga za Nairobi zina yale matundu ya hewa juu ya kila dirisha, yamejengewa humo humo ukutani, yana waya wa mbu na hayana kifuniko. Hayafungwi usiku, hayafungwi mvua ikinyesha upande. Sina ugomvi nayo, maana mtu akisahau jiko la makaa ndani, hayo ndiyo mawakili wake. Lakini moshi wa nje nao umeyajua. Nikapanda kwenye stuli, nikayaziba na magazeti ya zamani, pakiti za unga na selotepu. Nikashuka nimeridhika. Dakika kumi baadaye mama watoto akakohoa, akaniuliza kama moshi niliozibia nje ndio huu tuliokaa nao ndani.

Nilikuwa nimemfungia mwizi ndani pamoja na watoto.

Mpwa wangu akanieleza kwa upole kwamba moshi si hewa tu, ni chembe. Zile mbaya zaidi upana wake ni maikromita 2.5 kushuka chini, na unywele wa mtu una kama 70. Yaani unywele mmoja unatosha kupangwa chembe karibu 30 kwa upana. Zinaingia kwenye mapafu, zinaingia kwenye zulia, kwenye godoro, kwenye pazia, kila kitu chenye nyuzi au sponji. Hali ya nje ikipoa, akasema, ndipo ufungue kila kitu hewa ipite. Kisha uoshe. Harufu haifunikwi, Mjomba, inaoshwa.

Ningemsikiliza wakati ule, ningeokoa pesa nyingi. Lakini mtu mzima hasikilizi kitu rahisi hivyo.

Shangazi yake mama watoto, mtu wa Mombasa, alikuja Jumatatu na chetezo, udi na ubani. Nikamuuliza kwa adabu, "Shangazi, moshi unafukuzwa na moshi?" Akaniambia ndugu yangu, huu una asili. Akafukiza sebule, akafukiza vyumba, akafukiza hadi choo. Kufika jioni nyumba ilikuwa inanuka harusi iliyoshika moto.

Jumanne ikawa zamu ya siki. Vibakuli vya siki kila pembe, na mimi nafuta kuta kwa kitambaa. Kusema kweli kuta zilitulia kidogo, lakini watoto walikuwa wakiingia ndani wanauliza kachumbari iko wapi. Jumatano nikatumwa kununua baking soda ya kunyunyiza kwenye zulia. Ya dukani ilikuwa imeisha, mwenye kibanda akaniuzia magadi, yale ya kulainishia maharagwe, akisema ni ndugu. Ni kweli ni ndugu, ila ni ndugu yule mkali wa familia. Nilimwaga, nikanyunyiza na maji kidogo ili yaingie vizuri, hilo ni wazo langu mwenyewe. Asubuhi zulia lilikuwa gumu kama omena iliyokaushwa, na harufu iko pale pale, imekaa juu yake.

Nikachukua ufagio nikalifagia kwa hasira. Mpwa wangu akaniona kwenye video akashika kichwa: ukifagia pakavu unazirusha tena chembe hewani, tumia kitambaa kibichi. Sasa angesema kabla.

Kulikuwa pia na kijana wa kuosha magari aliyetaka kuniletea mashine ya ozoni, gesi ya kuua harufu, ile wanayofungia ndani ya gari lililotapikiwa. Hiyo niliikataa mwenyewe, maana mpwa alinionya kwamba ozoni inachoma mapafu, na kule California mashine za kusafisha hewa zimewekewa kikomo cha ozoni kwa sheria. Ndilo jambo moja nililofanya kwa akili wiki hiyo, niandikieni.

Alhamisi akanipa mpango wa mafundi: chukua feni ya kawaida, ibandike filta nene ya mraba kwa nyuma, ziba kingo kwa selotepu, iwashe. Kule kwao watu wengi hufanya hivyo badala ya kununua mashine yenye filta ya HEPA, ile ya kunasa chembe ndogo kabisa, ambayo hapa nilipouliza bei nilidhani naambiwa kodi ya nyumba na deposti yake. Feni nikaipata Luthuli. Filta ikanipeleka Kirinyaga Road, Grogan, kwa wauza spea.

"Filta ya hewa? Ipo. Probox ama Fielder?"

"Ni ya nyumba."

Akanitazama. "Nyumba modeli ya mwaka gani?"

Nikajikuta nafikiria kweli. Nikamwambia ilijengwa 2009. Akaenda ndani, akarudi na filta ya lori, akaipangusa kwa kiwiko, akasema hii itavuta hata majirani. Nikaibandika. Feni ikanguruma kama matatu inayopanda mlima, nyuma pamevimba selotepu, mbele pakatoka pumzi ya mgonjwa. Robo saa baadaye stima ikapotea. Ikarudi saa tano usiku, na feni ikaamka peke yake gizani, mtoto wa pili akalia hadi asubuhi.

Wakati huu wote kuna mtu mmoja tu aliyekuwa na furaha. Jirani wa mlango wa pili, mzee wa Kericho. Aliingia Jumapili kutupa pole, akafika katikati ya sebule akasimama. Akakaa kwenye kochi polepole. Akafumba macho. "Hapa," akasema, "ni kama jikoni kwa mama." Akatusimulia mursik, maziwa ya mgando ya kwao, jinsi kibuyu kinavyopakwa makaa ya mti wa senetwet ndani kabla ya kutiwa maziwa, na jinsi mjini anauziwa maziwa ya chupa yasiyo na roho. Tangu siku hiyo kila jioni alikuja kutazama habari kwetu. Ana televisheni kubwa kuliko yetu.

Ijumaa maji yalikuja. Maji ya mtaa wetu huja siku mbili kwa wiki, na ile ya kwanza tulikuwa tumeipoteza kwa siki. Nikamwita mama fua. Akanusa pazia moja, akaliweka chini, akapandisha bei. "Baba, hizi si nguo chafu," akasema, "hizi zimekaangwa." Sikubishana. Pazia la kwanza lilipoingia kwenye beseni maji yaligeuka strungi, chai isiyo na maziwa, nyeusi kabisa, unakosa tu kuuliza sukari. Akamwaga, akaanza upya. Vile vitambaa vya kochi alivyofuma mama mkwe, vyeupe vyote, ishirini na mbili nilivihesabu, vilioshwa mara tatu. Mimi nikapewa kazi ya mahali ambapo hakuna anayefika: juu ya milango, juu ya kabati, vifuniko vya taa, na zile balbu, ambazo kumbe kila zikiwaka zilikuwa zinapika masizi yaliyokaa juu yake na kututolea harufu mpya. Yaani tulikuwa tunalipia tokeni ya stima kujichoma upya.

Halafu godoro. Godoro halioshwi, linapelekwa juani, na jua liko juu ya paa, ghorofa mbili kutoka kwetu. Nilibeba moja na mwanangu mkubwa, tukakwama kwenye kona ya ngazi, tukasukuma, tukapumzika, tukasukuma. Ghafla nasikia viatu vinakuja mbio kutoka chini. Msimamizi wa ploti, jasho linamtoka, simu sikioni.

"Unahama? Unahama mchana? Na ya Februari haijalipwa!"

"Naenda juu," nikamwambia. "Mtu anahamia juu ya paa?"

Akafikiria. Akasema ameona mengi kwenye ploti hii. Akakaa pale pale na godoro, jua kali, akililinda kama dhamana mpaka saa kumi.

Jumamosi tulilala nyumba inanuka sabuni na jua. Hata feni nilikuwa nimeizima. Saa mbili usiku hodi, mzee wa Kericho. Akaingia, akavuta pumzi, akaangalia huku na huku kama mtu aliyekosea mlango. Hakukaa. Akauliza kama tumeosha kila kitu. Mama watoto, kwa fahari, akasema kila kitu, kasoro mto mmoja wa kochi uliokuwa umesahaulika nyuma ya televisheni, huo kesho.

"Msiuoshe," akasema mzee. "Nipeni mimi."

Akaondoka nao chini ya kwapa, taratibu, kama anabeba mtoto aliyelala.

Jumapili asubuhi kabla ya kanisa mkewe aligonga. Alikuwa ameushika mto kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbele. Hakusalimu. Akauweka mlangoni, akaniuliza pazia zetu tuliosha na sabuni gani.

Nimeuweka nje balkoni. Jioni mzee akipita kwenye korido namwona anapunguza mwendo.