Nguo za Nini Tena?

Jamani, Kiingereza kitaniua kabla ya presha.

Juzijuzi saa nne asubuhi niko Kariakoo, belo la mitumba begani, simu ikaita kengele ya meseji. Shule ya kijana wangu, hizi ambazo mtoto akirudi nyumbani anaongea Kiingereza hadi na kuku. Ujumbe mrefu, mimi nikashika maneno mawili tu: "accident" na "clothes".

Ajali. Nguo. Nguo za nini tena, kama si za kumvika marehemu?

Belo likabaki hapohapo chini. Bodaboda akataja elfu saba nikapanda bila neno. Mimi! Mimi ninayekomaa na mama mchicha kwa shilingi mia mbili! Njiani nikampigia mama watoto, akapiga yowe, majirani wakaanza kutandika majamvi, shemeji akadandia basi kutoka Morogoro.

Nafika, bwana mdogo kakaa kwenye benchi, sweta kajifunga kiunoni, anatafuna karanga. Kajikojolea.

"Baba Juma, ndiyo hiyo accident yenyewe," mwalimu ananiambia, tena anatabasamu.

Yaani kikojozi na lori lililopinduka mlima Kitonga wanaitwa jina moja! Hawa watu hawana maneno?

Jioni nikaenda kumlalamikia jirani yetu, mwalimu mstaafu, mzee wa makamusi. Hakunipa hata pole. Akaanza: asili yake Kilatini, accidere, na ndani yake mna cadere, yaani kuanguka. Ni kitu kinachokuangukia tu. Kikapita kwa Wafaransa, kikafika Uingereza karne ya 14, na huko mwanzoni kilikuwa tukio lolote la kuzuka, si lazima baya. Kwa hiyo ukiokota elfu kumi barabarani, nayo accident. Mbona hizo hazinipati?

Halafu akaniambia "chance" na "casual" ni ndugu zake, mzizi wao huohuo wa kuanguka. Casual! Mwaka wa 11 huu nafanya vibarua vya casual, kumbe hata mshahara wangu ni mkojo wa mtoto!

"Na ajali yetu je, mwalimu?"

"Kiarabu. Ajal ni muda uliowekwa. Siku yako ikifika, imefika."

Sasa umeona? Wenzetu neno lao mtu anaanguka, anainuka, anabadilishwa suruali. Letu lina sanda ndani. Halafu mtu ananiuliza kwa nini nilikimbia.

Shemeji alifika saa mbili usiku, kilo tano za unga kichwani na kilio amekianzia getini. Alipomwona marehemu anacheza mpira wa makaratasi uani, alinyamaza, akaomba maji ya kuoga. Leo siku ya nne. Ule unga tumeshaumaliza, nauli ya kurudi anasema hana, na sasa hivi yuko kibarazani anauliza chai itakuwa tayari saa ngapi.