Namba Kwenye Kadi ya Shangazi

Mwaka 2011 shangazi yangu alijibana na abiria wengine kumi na wawili kwenye Land Cruiser, wakaenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu. Alikuwa na kisukari. Walilala njiani siku tatu, foleni ya magari haisogei. Alipofika alitoa shilingi 500, akanywa dawa ya mti wa mugariga kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ndiye huyo Babu aliyesema dawa yake inatibu magonjwa sugu, akarudi nyumbani, akavifungia kabatini vidonge vyake vya hospitali. Miezi miwili baadaye tulimkimbiza wodini hajitambui.

Kila unapozuka mjadala kuhusu uelewa wetu wa sayansi, Loliondo hutolewa kama ushahidi kwamba jamii hii imewapa kisogo wasomi. Hoja hiyo siibezi. Wagonjwa walitolewa hospitalini wakafia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Waliokwenda hawakuwa watu wasiojua kusoma tu. Mawaziri na wabunge walikunywa kikombe kilekile. Wataalamu wa serikali walipoichunguza dawa ile, walisema haina madhara kwa kipimo alichokuwa akitoa Babu. Mtaani kauli hiyo haikufika jioni ikiwa nzima. Ilishakuwa: "Serikali imethibitisha, inatibu." Kutodhuru na kutibu ni mambo mawili; maji ya mchele nayo hayadhuru. Ila kuyatenganisha mambo hayo kunahitaji mazoea ya kuuliza "umejuaje?", na mazoea hayo hatukuwa nayo.

Lakini je, dawa ni kusoma zaidi? Hapo ndipo ninapoachana na wanaowalaumu wananchi peke yao.

Chukulia suala la papai. Mapema Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Kuna waliocheka, kuna walioshangilia. Mimi naona pande zote mbili ziliukosa mzizi wa jambo. Kukipima kipimo kwa sampuli ambazo mpimaji hajui zilikotoka ni kazi halali ya sayansi. Maabara makini hujikagua hivyohivyo. Na aliyeagiza ukaguzi huo alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichokosekana ni yale yanayofuata baada ya swali zuri: kuyaweka matokeo yote wazi, kuzirudia sampuli katika maabara nyingine, kutafuta kama kosa liko kwenye vitendanishi, kwenye mashine au kwa aliyechukua sampuli. Takwimu zikakoma mwanzoni mwa mwezi huohuo, wagonjwa 509 na vifo 21, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila kutangaziwa namba nyingine. Swali lilikuwa la kisayansi. Hitimisho likatolewa kwenye hotuba. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti kikubwa kabisa na bado akaukatisha uchunguzi katikati.

Upande wa pili wa mjadala una kumbukumbu ndefu, na wasomi hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1990 Rais Moi wa Kenya alitangaza dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron, kazi ya watafiti wa KEMRI. Safari hii hakuwa mzee wa kijijini na sufuria yake. Ilikuwa taasisi ya taifa ya utafiti, yenye maabara na madaktari wake. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, hayakuona kwamba dawa hiyo inawasaidia wagonjwa. Mtetezi wa sayansi atasema kwamba sayansi yenyewe ndiyo iliyoligundua kosa hilo, na ni kweli. Ila mgonjwa aliyetangaziwa tiba kwa shangwe hakutangaziwa kosa kwa sauti ileile. Ukimwambia leo "waamini wataalamu", ana haki ya kuuliza: wataalamu gani, na nikiwaamini nitawahoji wapi?

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza, moyo, mapafu na damu vinageuka Kiingereza, na wengi hubaki kukariri. Maneno yapo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Daktari aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza akikutana na mgonjwa, hubaki na maneno mawili: "Meza hii."

Hayo yote hayamsafishi kiongozi wa dini wala mwanasiasa anayejua alichokifanya. Mwenye mimbari anayewaambia wagonjwa waache dawa ana dhambi kubwa kuliko daktari mkali, na sioni sababu ya kulizungukazunguka jambo hilo.

Shangazi alipopata nafuu nilimuuliza, kwa hasira ambayo sasa naionea aibu, aliwezaje kuamini kikombe kimoja. Akafungua pochi, akatoa kadi yake ya kliniki. Safu nzima ya namba: 11.8, 13.2, 9.6, miaka minne ya tarehe na mihuri. "Mwanangu," akasema, "hizi namba wananiandikia kila mwezi. Hebu niambie wewe uliyesoma, ni za nini?" Sikuweza kumjibu vizuri. Nilikuwa na shahada.

Tulimnunulia mashine ndogo ya kupimia sukari. Muuguzi mmoja kijana alikaa naye karibu saa nzima kwenye benchi, akamwonyesha namna ya kutoboa kidole na namba inayotakiwa kabla ya kula. Shangazi akaanzisha daftari. Asubuhi hupima, hunywa uji, husubiri saa mbili, hupima tena. Wiki nyingine hubadilisha uji, vingine vyote huviacha vilevile. Kliniki iliyofuata alilifungua lile daftari mezani kwa daktari, akaweka kidole kwenye mstari wa Jumanne, akauliza kwa nini siku ile imepanda hali hakula kitu tofauti. Daktari akavuta kiti.