Usifukie Mto Siku ya Kwanza: Maoni Yangu kuhusu Kuanza Kubadili Sura ya Kisiwa

Siku ambayo K.K. Slider, mbwa mwanamuziki, anakuja kuimba kisiwani katika Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa video wa kukuza kisiwa chako mwenyewe, ndiyo siku ambayo wachezaji wengi huanza kuharibu kisiwa chao. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao. Baada ya majuma ya kung'oa magugu, kupanda maua na kuhangaika hadi Isabelle, karani wa kisiwa, akiri kwamba kisiwa kimefikia nyota 3, tamasha linafanyika, kisha Tom Nook, msimamizi wa kisiwa, anakukabidhi programu ya simu ya kubadili ardhi yenyewe: kutandaza njia, kuelekeza maji, kuinua na kubomoa miinuko. Mtu aliyekuwa akizungushwa na mto tangu alipotua, akiuruka kwa ufito huku na huku ili afike dukani, ghafla anaambiwa kwamba mto huohuo sasa utamtii yeye. Wazo la kwanza linalomjia ni kufukia kila kitu.

Mimi nilifukia. Jioni baada ya jioni nilijaza mto udongo, nikabomoa miinuko yote, nikang'oa miti iliyokuwa njiani, mpaka kisiwa kikawa uwanja mmoja wa majani kutoka ufuko hadi ufuko. Nilipomaliza nilisimama katikati ya uwanja ule na kuona nyumba za wakazi, yaani wanyama wanaoishi kisiwani, zimetapakaa ovyo kama vikombe vilivyosahaulika baada ya sherehe, na sikuwa na hata fununu ya nini kifuate. Nilizima mchezo, na ilipita miezi kadhaa kabla sijaugusa tena. Tangu hapo nina msimamo ambao sijauacha: kusawazisha kisiwa kizima si mwanzo wa ujenzi, bali ni namna ya kujinyima kitu ambacho mjenzi mchanga anakihitaji kuliko vyote, yaani kikwazo cha kumwongoza. Mto unaopinda vibaya unakuuliza swali, nawe unalazimika kulijibu kwa daraja, kwa bustani au kwa kuuhamisha kidogo. Uwanja mtupu haukuulizi chochote.

Tena kuna suala la nguvu kazi, ambalo watu hulidharau kwa kuwa picha za visiwa vilivyokamilika hazionyeshi saa zilizotumika. Programu hii haina njia ya mkato. Kila mraba wa ardhi huchimbwa, hufukiwa au huinuliwa peke yake, kwa kubonyeza mara moja na kumsubiri mhusika wako amalize tendo lake. Ramani imegawanywa katika vipande, na kila kipande kina miraba 16 kwa 16, yaani 256. Kuinua kipande kimoja tu kwa tabaka moja ni mibonyezo 256, kabla hujalainisha pembe na kabla hujagundua kwamba ulikosea safu nzima. Hakuna kitufe cha kutengua ulichofanya. Ukikosea, unarudia kwa kasi ileile. Ndiyo maana namshauri anayeanza ahesabu miraba kwanza, hata kama ni kwa kukadiria, kabla ya kujiahidi mlima.

Wapi basi pa kuanzia? Kwa maoni yangu, anza na vitu ambavyo mchezo hautakuruhusu kuvigusa. Uwanja wa ndege hauhami. Jengo la Huduma za Wakazi, pamoja na kiwanja chake cha mbele, halihami. Milango 2 ya mto, pale maji yanapoingia baharini, itabaki ilipokuwa siku ulipochagua ramani yako kati ya zile 4 ulizoonyeshwa, na mchanga wa ufukweni huwezi kuuinua wala kuuchimba. Hivyo ndivyo vigingi vyako. Mtu anayeota mji wenye barabara kuu iliyonyooka kutoka uwanja wa ndege hadi Huduma za Wakazi, huku majengo hayo mawili hayatazamani, atatumia majuma kupigana na jambo ambalo lilikwisha kuamuliwa. Ni afadhali akubali mapema kwamba barabara itapinda, kisha apange kitu cha kuonekana kwenye kona hiyo.

Baada ya vigingi, fuatisha miguu yako. Cheza siku chache bila kubadili chochote, ukiangalia tu unapita wapi kutoka nyumbani kwenda dukani, wapi unasimama kuvua samaki, mkazi gani unamtembelea kila asubuhi. Mimi nilitandaza alama kila nilipopita, na hapa pana jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema: huhitaji kusubiri tamasha wala ruhusa yoyote ili uanze kuchora. Michoro unayobuni mwenyewe inaweza kuwekwa chini bila malipo tangu siku za mwanzo. Chora mraba wenye rangi moja kali, uutandaze mahali unapotaka nyumba au bwawa, halafu ishi na alama hizo kwa juma zima. Nyumba ya mkazi huchukua miraba 4 kwa 4, na jumba la makumbusho 7 kwa 4. Ukiziona rangi hizo ardhini unatambua upesi kwamba nafasi uliyoidhani ni kubwa haitoshi hata uzio. Kufuta mchoro ni kazi ya dakika, ilhali kuhamisha nyumba hugharimu Bells 50,000, ambazo ndizo fedha za mchezo, na siku nzima ya kusubiri, na huhamishi zaidi ya jengo moja kwa wakati mmoja.

Kuhusu ruhusa zenyewe, mchezo unaanza kukupa ile ya njia, ukiwa na njia ya udongo, nadhani kwa hekima kuliko inavyodhaniwa. Ruhusa ya maji na ile ya miinuko hununuliwa kila moja kwa maili 6,000 za Nook, yaani pointi unazopata kwa kutimiza kazi ndogondogo za mchezo, na aina nyingine za njia, kama vile ya mawe, ya matofali au ya mbao, ni maili 2,000 kila moja. Wengi hukimbilia miinuko. Mimi ningenunua maji kwanza, kwa sababu maji husamehe: kidimbwi kilichochimbwa vibaya hufukiwa kwa dakika chache na hakizibi mtazamo wa kitu chochote.

Kazi yangu ya kwanza niliporudi mchezoni na kuanza kisiwa kipya ilikuwa kidimbwi nyuma ya nyumba, cha miraba 4 kwa 3 tu. Naieleza kwa kirefu kwa kuwa humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu. Unasimama ukitazama mraba unaoutaka, unabonyeza, koleo linashuka, majani yanazama na maji yanatokea. Mraba wa pili, wa tatu, hadi kumi na mbili. Kwa sasa kidimbwi kina pembe kali kama sanduku. Unahamia kwenye pembe, unabonyeza mara moja, na pembe inakatika kimshazari, ukingo unakuwa laini. Ukibonyeza tena kwa mazoea, mraba mzima unafukiwa na lazima uuchimbe upya. Na ukisimama nusu hatua kando ya ulipodhani umesimama, koleo linaangukia mraba wa jirani, ambao pengine ulikuwa mpaka wa njia yako. Nilikosea mara nyingi jioni ile. Lakini kufikia pembe ya nne, vidole vilikuwa vimeshajua umbali, na nilielewa kwamba uzuri wa ukingo hautokani na ukubwa wa bwawa, bali na kuvunja mstari: mraba mmoja uingie ndani, mmoja utoke nje, pembe moja ikatwe, nyingine iachwe. Mto wa kisiwani ulioukuta siku ya kwanza umechorwa hivyohivyo, na anayeufukia wote anafukia pia mfano ambao angeweza kuuiga.

Miinuko ni habari nyingine. Hapa pana kanuni mbili ambazo mtu akizijua mapema atajiokoa. Ya kwanza ni kwamba tabaka la pili haliwezi kusimama sambamba na ukuta wa tabaka la kwanza, bali ni lazima lirudi nyuma mraba mmoja, kwa hiyo mlima wa tabaka kadhaa unahitaji upana kuliko unavyoonekana kwenye picha. Tabaka la tatu linajengeka, lakini hutalipanda hata kwa ngazi, na manufaa yake ni ya kutazamwa tu. Kanuni ya pili inahusu jicho la mchezo wenyewe: ukiwa nje, kamera daima hutazama kaskazini na haizunguki. Mwinuko ulioujenga upande wa kusini wa bustani yako utaificha bustani hiyo nyuma yake, nawe utabaki ukipita mahali usipopaona. Kwa sababu hiyo miinuko mirefu nimeiweka kaskazini kabisa, ikishuka kidogo kidogo kuelekea ufuko wa kusini, na sijaona hoja ya kunibadilisha mawazo. Maporomoko ya maji, kwa taarifa ya wanaoyaogopa, ndiyo rahisi kuliko yote: ukichimba maji kwenye mraba wa ukingoni mwa mwinuko, yanamwagika yenyewe.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba uwanja mtupu unampa mtu uhuru wa kuona kisiwa kizima kwa jicho moja, na kwamba nyumba ni rahisi kuzipanga pasipo mto katikati. Ni kweli kwa mchezaji mwenye mchoro uliokamilika kwenye karatasi ya miraba, mwenye Bells za kutosha na subira ya kuhamisha nyumba moja baada ya nyingine. Kwa huyo, kusawazisha ni hatua ya kazi kama kusafisha kiwanja kabla ya kuchimba msingi. Mimi nawazungumzia wanaosawazisha kwa kuwa hawajui wafanye nini kingine, ambao ndio wengi. Hao hupoteza pia vitu ambavyo hawakuvihesabu: kuna samaki wanaopatikana kwenye mito ya juu ya miinuko pekee, na mtu aliyebomoa miinuko yote atashangaa kwa nini mkusanyiko wake kwenye jumba la makumbusho una mapengo yasiyozibika.

Madaraja na miteremko ya kupandia nayaacha mwisho kwa makusudi. Daraja la bei ya chini ni Bells 98,000, mteremko vilevile, na huwezi kujenga zaidi ya mradi mmoja wa aina hiyo kwa wakati mmoja. Kuubomoa unaotaka kuuondoa nako kunagharimu Bells 10,000. Zamani idadi ilikuwa na kikomo cha madaraja 8 na miteremko 8, na toleo la Novemba 2021 likaongeza hadi 10 kwa kila aina, lakini bado kikomo kipo na huhisiwa mapema kuliko unavyodhani. Daraja lililonyooka linahitaji maji yenye upana wa miraba 3 hadi 5, kwa hiyo pima mto wako kabla hujaanza kuupanua kwa ajili ya urembo. Kwa miezi ya kwanza ufito na ngazi vinatosha, na ukiona unaruka mahali palepale kila siku, basi hapo ndipo penye daraja.

Mawe nayo yanastahili neno moja. Yapo 6, hayahamishiki, na njia pekee ya kuyapeleka kwingine ni kuyavunja na kungoja yachomoze moja kwa siku mahali penye nafasi. Wanaotaka yote sita yakae pamoja hufunika sehemu nyingine za kisiwa kwa michoro na njia ili yasipate pa kutokea. Nilijaribu, nikachoka siku ya tatu, na sasa jiwe moja liko katikati ya njia yangu ya matofali. Nililizungushia maua.

Kisiwa changu cha sasa bado kina kona ya mto ambayo sijaigusa tangu nilipotua mara ya pili. Inapinda bila sababu mashariki ya jumba la makumbusho, na kila anayenitembelea huuliza kwa nini sijainyoosha. Hapo nimeweka benchi moja na mti mmoja wa mianzi. Nyumba mbili za wakazi bado hazijakaa sawa, moja inaegemea karibu mno na mteremko, na leo usiku nimetandaza alama nyekundu za miraba 4 kwa 4 upande wa pili wa maji ili nione kesho asubuhi, nikielekea dukani, kama mahali penyewe panafaa.