Dume Mmoja Apande Majike Wangapi?

Mfugaji wa Misungwi anayetaka kuboresha kundi lake la ng'ombe hana haja ya kumwona dume. Mtaalamu wa uhimilishaji humletea mbegu iliyogandishwa kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, na dume mmoja anayetunzwa huko anaweza kuwa baba wa ndama maelfu. Kwa farasi wa mbio wa ukoo wa tharobredi, njia hiyo imepigwa marufuku duniani kote: mtoto hasajiliwi iwapo dume hakumpanda mama yake kwa mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo ugavi wa mbegu ya dume bora una kikomo cha kimaumbile, na wateja wanapozidi, bei hupaa. Ada ya kupandisha kwa Frankel, dume wa Uingereza aliyeshinda mbio zake zote 14, ilifika pauni 350,000 mwaka 2024.

Mwaka 2020 The Jockey Club, chombo kinachotunza daftari la ukoo wa farasi hao Marekani, kilitangaza kuwa dume aliyezaliwa mwaka huo au baadaye asipandishwe kwa majike zaidi ya 140 katika msimu mmoja. Mashamba makubwa ya Kentucky yalifungua kesi, wabunge wa jimbo wakaingilia, na Februari 2022 kanuni hiyo ikaondolewa. Farasi ni nadra huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, lakini swali lililobishaniwa kule ni la kila anayeishi kwa mifugo.

Waliotaka kikomo walikuwa na takwimu nzito. Watoto waliosajiliwa Amerika Kaskazini walizidi 51,000 mwaka 1986. Siku hizi hawafiki 20,000. Wakati huohuo madume wachache wamezidi kujilimbikizia majike. Mwaka 2007, waliopelekwa kwa dume mwenye majike zaidi ya 140 hawakufika asilimia 10 ya majike wote. Kufikia 2019 walikuwa zaidi ya robo.

Hoja ya wenye mashamba nayo haipuuziki. Dume hununuliwa kwa mamilioni ya dola kabla hajathibitisha lolote kama mzazi, wengi hushindwa, na yule mmoja anayefaulu ndiye anayefidia hasara ya wenzake. Ujauzito huchukua miezi 11, na mtoto huuzwa akiwa na umri wa mwaka na ushei, hivi kwamba uamuzi wa msimu huu hulipwa na soko la miaka miwili na nusu ijayo, soko ambalo hakuna awezaye kulisoma kwa uhakika. Zaidi ya hayo, wanasema, ukipunguza nafasi ada itapanda, na atakayefungiwa mlango si tajiri, ni mfugaji mdogo mwenye majike watatu.

Hoja hiyo ya mfugaji mdogo ndiyo iliyonishughulisha zaidi, na naona ni nusu tu ya ukweli. Mfugaji huyo ni mnunuzi wa mbegu leo, lakini kesho ni muuzaji wa mtoto. Akimpeleka jike wake kwa dume aliyepanda wengine 200, mtoto wake atafika mnadani pamoja na ndugu wa baba mmoja zaidi ya mia. Wenye fedha watachagua wachache walio bora, na waliobaki wataweza kuuzwa kwa bei isiyorudisha hata ada. Uhaba unaomwumiza anaponunua ndio unaomlinda anapouza. Mnada nao hununua jina kabla ya mbio: mwaka 2006 farasi aitwaye The Green Monkey aliuzwa dola milioni 16 akiwa hajashindana hata mara moja, kisha akakimbia mara tatu bila ushindi wowote.

Mahali ambapo siungani na watetezi wa kikomo ni kwenye hoja ya damu, yaani kwamba kikomo kitazuia ndugu kuzaliana na ndugu. Hofu yao ni ya kweli, kwa kuwa karibu tharobredi wote wa leo wana Northern Dancer, aliyezaliwa Kanada mwaka 1961, katika ukoo wao, na hakuna mnunuzi anayelipia damu tofauti. Lakini mwenye jike atakayekataliwa nafasi ya 141 atakwenda kwa kaka wa dume huyo, au kwa mwanawe. Msongamano utapungua, damu itabaki ileile. Ningeitetea kanuni ya 140 kwa ajili ya muuzaji mdogo, nisiiuze kama tiba ya uzazi wa ndugu.

Hata hivyo, wale walibishana wakiwa na daftari la ukoo ambalo mwanzo wake ni Uingereza mwaka 1791, na kila mtoto anajulikana baba. Kwetu, kwenye ng'ombe, mbegu iliyogandishwa haina kikomo cha mwili, na jina la dume lisipoandikwa siku ya kuhimilisha, mtamba anaweza kupandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe bila mwenye boma kujua. Kabla hatujajadili idadi ya ndama kwa kila dume, ningeomba jina hilo liandikwe, na karatasi ibaki kwa mfugaji.